Mashua ya Saa Tisa

Mwalimu hakupenda kuulizwa kitu kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu. Kabla ya hapo ungeuliza utakacho: njia ya basi, maana ya barua ya ejensi ya kazi, kwa nini mto Potomac unajaa na kupwa kama bahari wakati ni mto. Angekujibu, tena angekujibu zaidi ya ulivyouliza. Ila saa tisa ikifika alikuwa safarini, na mtu aliye safarini, alisema, haitwi-itwi na walio nchi kavu.

Chombo chenyewe kilikuwa kochi. Kochi refu la kijivu, chini ya dirisha la sebule ya nyumba moja huko Arlington, Marekani, na abiria wake alikuwa mama mzungu wa miaka themanini na kitu ambaye akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Sisi tulimwita Bibi. Mwalimu alimtunza siku sita kwa wiki, akilala huko huko, na mimi nilikuja Jumamosi mchana kumpokea hadi Jumapili jioni. Kwa karibu miaka mitatu tulijuana hivyo, mlangoni na jikoni, yeye akitoka na mimi nikiingia. Alizaliwa lini na nani sijui. Jina lake nililiona kwenye fomu za kazi lakini sikulitumia hata siku moja, na nikilitaja leo nitahisi namsengenya mtu mwingine.

Alifundisha Jiografia sekondari huko Kenya bara miaka ishirini na miwili, na darasa halikumtoka. Siku zote alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Alisahihisha vipeperushi vya supamaketi vilivyotupwa mlangoni kwa Bibi. Alisahihisha matangazo ya kanisa letu la Hyattsville, akamrudishia mchungaji akiwa ameandika juu yake, "Jitihada inaonekana." Mimi alinisahihisha katikati ya msiba. Shangazi yangu alifariki Moshi, nikawa namweleza Mwalimu huku nalia kwamba tutamzika kule nyumbani, upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Akanishika bega, akanipa pole ya kweli, macho yake yakalengwa na machozi. Kisha akasema taratibu, "Kusini, dada. Moshi iko kusini." Nilitaka kumzaba kibao. Mpaka leo sijui kama nilimsamehe, lakini Moshi najua iko wapi.

Kila asubuhi alipiga pasi shati. Hakukuwa na mtu wa kumwona zaidi ya Bibi, na Bibi siku nyingine alimwita kwa jina la mumewe, siku nyingine kwa jina la mbwa. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, ingawa Wakenya wengi wa bara inawachekesha. Alisema "marahaba" kama mtu anayetia sahihi barua. Unga wa mahindi wa Marekani aliuita chakula cha kuku, halafu akausonga na kuumaliza. Chungwa alilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, na likikatika alikasirika siku nzima.

Na alikuwa amefungiwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watoto wa Bibi, waliokuwa wanaishi mbali, walifunga kengele kwenye kila mlango ili mama yao asije akatoka akapotea. Mlango ukifunguliwa, simu ya binti yake inalia huko aliko, naye anatuma ujumbe kuuliza kama mambo ni salama. Mwalimu akipeleka taka nje, ujumbe. Akichukua barua, ujumbe. Wale watoto hawakuwa watu wabaya, walikuwa na hofu tu. Lakini Mwalimu aliona haya kuulizwa, akaacha kutoka kabisa, na mifuko ya taka ikaningoja mimi hadi Jumamosi. Nilimgombeza. Akanijibu, "Dada, humu ndani kuna wafungwa wawili na askari mmoja, na bado hatujajua nani ni nani."

Alichora ramani. Nyuma ya kipeperushi cha supamaketi alichora kila kitu kilichoonekana kutoka dirisha lile: mti, sanduku la barua, kona ya barabara, nguzo ya taa, paa la jirani. Akaweka kipimo na mshale wa kaskazini. Akaniambia hiyo ndiyo wilaya yake.

Sasa ile safari. Miaka mingi nyuma Bibi na mumewe walikwenda likizo Ugiriki, kwenye kisiwa kinachoitwa Kos. Siku moja wakachukua mashua ya asubuhi kwenda kisiwa cha jirani, Nisiros, ambacho chote ni mlima wa volkano uliosimama baharini. Ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Walishuka bandari ya Mandraki yenye nyumba nyeupe, wakanywa kinywaji cha lozi, wakapanda basi hadi kileleni, wakateremka kwa miguu ndani ya shimo la volkano. Humo ardhi ni ya njano, inafuka moshi, na inanuka mayai viza. Bibi aliogopa soli za viatu vyake zisije zikayeyuka. Kisha mumewe akataka kuona kuta za mawe za watu wa kale, akaziona sana, na wakachelewa. Wakiwa bado juu, nahodha akapiga honi kule bandarini. Walikimbia. Kiatu kimoja cha Bibi kilichomoka njiani. Wakaiwahi mashua, wakakaa upande wa kushoto, wakacheka mpaka Kos.

Ila akili ya Bibi ilikuwa imetupa kicheko na kubakisha honi. Kila siku saa tisa alasiri ililia kichwani mwake. Aliinuka, akaanza kutafuta viatu, akavuta mlango, akalia kwamba wanamwacha, kwamba mashua inaondoka naye atabaki kwenye kisiwa kile peke yake.

Jumapili yangu ya kwanza nilimwambia ukweli. Nilisema, Bibi, uko nyumbani kwako, Arlington, hakuna bahari hapa. Alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona tena, akanipiga na mwavuli. Alilia hadi jioni, na mimi nikalia chooni. Nilipomweleza Mwalimu, hakunionea huruma hata kidogo. "Mtu amekwambia anaachwa," alisema, "wewe unamfundisha anwani."

Yeye, aliyesahihisha hata matanga, Bibi hakumsahihisha. Ikifika saa tisa kasoro alimletea viatu mwenyewe, akamvalisha, akamfunga kitambaa cha bluu kichwani kwa ajili ya upepo, akamwambia kwa Kiingereza chake cha darasani, "Haijaondoka. Inatungoja sisi." Akamkalisha kwenye kochi, upande wa kushoto, na kuanza kumrudisha. Hapa tunaipita gati. Shika chuma hicho. Sasa angalia kushoto, kile kisiwa kidogo cheupe wanachochimba mawe mepesi, yale ya kusugulia miguu. Wimbi hilo, usiogope. Kos ile kule. Ilimchukua saa moja na nusu. Hakufupisha hata siku moja. Walipofika Bibi alikuwa mtulivu, anataka chai.

Mwanzoni maneno yalikuwa ya Bibi, Mwalimu aliyaokota. Baadaye Bibi akaanza kuyapoteza, na Mwalimu akabaki nayo peke yake. Akayaongezea. Alisoma ramani za bahari ile kwenye simu, akajua upepo wake wa kiangazi, akajua basi linapanda kwa kona ngapi. Na huyu ni mtu ambaye alikuwa hajawahi kupanda mashua maishani mwake. Kuogelea hajui. Kwao bahari ni kitu cha kwenye mtihani.

Kulikuwa na hadithi moja ya watu wa kisiwa kile aliyoipenda kupita kiasi. Wazee wao wanasema chini ya Nisiros kumelazwa jitu. Lilikuwa linakimbia vitani, mungu wa bahari akamega kipande cha Kos, akalirushia, likabanwa chini yake mpaka leo. Moshi ule ni pumzi zake, na ardhi ikitikisika ni kwamba linajaribu kugeuka. Mwalimu alinisimulia akimenya chungwa. Nikamuuliza, linajaribu kutoka? Akasema hapana, soma swali. Linajaribu kugeuka tu, ubavu umechoka.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa langu, maana bila kosa langu ningekuwa nasimulia habari za mtu mzuri wa tabia na basi.

Kwetu huku, Mtanzania au Mkenya, mtu haulizwi makaratasi. Utakula naye, utamlea mtoto wake, utamwogesha akiwa mgonjwa, lakini hutamuuliza kama anaruhusiwa kuwa hapa, wala kama akitoka anaweza kurudi. Ni ufidhuli. Kwa hiyo watu wanasoma dalili. Nani alikwenda kumzika baba yake, na nani alimzika kwenye simu. Anayesafiri, anayo. Anayesema kazi imembana kila Desemba, tunanyamaza.

Mwezi wangu wa kwanza pale, kabla sijaelewa kitu, niliingia Jumamosi moja nikamsikia Mwalimu anamwambia Bibi, "Tulipofika Mandraki, unakumbuka, tulikunywa ile ya lozi." Tulipofika. Nikajua huyu kamsindikiza Bibi Ugiriki na kurudi. Jumapili ile nilipata ruhusa ya kwenda kanisani, na kwenye chai baada ya ibada nikamsimulia dada mmoja muuguzi, mtu wa kijijini kwao Mwalimu. Nilisema kwa kumsifu. Nikatia na chumvi kidogo, nikasema karudi juzi tu. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata komeo.

Baada ya wiki mbili mtu aligonga kwa Bibi na begi. Raba za watoto, dawa za vitamini, simu ya mkononi ya kumpelekea mjomba. "Mwalimu, tunasikia unatoka-toka siku hizi. Ukipita nyumbani tubebee." Nilikuwepo. Nilimwona Mwalimu akilitazama lile begi. Angesema neno moja, kwamba si kweli. Badala yake alilipokea kwa mikono miwili, akasema atajitahidi. Kukataa kungekuwa kutangaza hana makaratasi, na hilo hakuwahi kumtangazia mtu. Begi likakaa chini ya kitanda chake miezi mitano hadi nilipokwenda likizo nikalipitisha Nairobi mwenyewe.

Begi si kitu. Habari zilikuwa zimeshavuka. Dada muuguzi alipiga simu nyumbani kwao, na nyumbani kwao kila mtu anapeleka maziwa kwenye gari moja, na habari wanapeana hapo hapo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Mwalimu aliniambia mara moja tu, jikoni, akiwa amenipa mgongo. Walimu ndio wanaosimamia kura huko kwao. Mwaka mmoja alikataa kutia sahihi fomu yenye hesabu aliyojua ni ya uongo. Nyumba yake ikachomwa. Alikuja huku akaomba hifadhi, na kesi yake ilikuwa inangoja kusikilizwa tangu hapo, miaka na miaka. Ukitoka kabla haijasikilizwa, umeifuta mwenyewe. Hata ingesikilizwa akashinda, asingekanyaga Kenya, kwa sababu waliomchomea nyumba bado wanasalimiana na mama yake kanisani. Mpango wake ulikuwa hivi: siku akipata hati, mama avuke mpaka wa Namanga, aje upande wetu, Arusha, kwenye chumba cha uani kwa mwalimu mwenzake wa zamani, wakae pamoja wiki mbili. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa. Mama alikuwa amenunua viatu vya safari, vipya, vimo kwenye boksi.

Maana mama alidhani hati ipo. Mwaka wa pili wa Mwalimu huku, mama aliugua, akakataa kula. Ili ale, Mwalimu alimwambia kwamba mambo yamenyooka, makaratasi yametoka, ni nafasi kazini tu inayokosekana. Mama akala, akapona. Na Mwalimu, mtu wa kalamu nyekundu, akabaki na uongo ule hana pa kuurudishia. Kila mwaka kazi ilimbana. Mama alikuwa anavumilia, kazi ni kazi.

Sasa mama akasikia mwanawe kapanda mashua kwenda kutalii Ugiriki.

Hakumtukana. Aliacha kushika simu. Jumamosi nne Mwalimu alipiga, na mara zote alipokea binti wa ndugu yake, yule aliyekuwa anaishi na mama na kumshikia simu. Mara ya nne binti akasema, "Nyanya anasema uendelee tu kutembea."

Aliniambia sentensi hiyo akiwa amesimama jikoni na chungwa mkononi, halimenyi. Nikajua ni mimi. Nilimwambia pale pale, Mwalimu, ni mimi niliyesema. Nilisubiri anifukuze. Akaliweka chungwa mezani, akasema, "Umeandika jibu bila kusoma swali." Basi. Nikamwambia nitampigia mama nimweleze ukweli wote. Akakataza. "Usimwambie kitu. Akijua sina hati, atajua Arusha haipo. Afadhali anichukie akingoja." Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijiona nimemwongezea jiwe mtu aliyekuwa tayari chini ya kisiwa.

Jumamosi iliyofuata nilifika saa nane kama kawaida. Zamu yake ilikuwa imekwisha, lakini Jumamosi hakuwa anaondoka mpaka mashua ifike, kwa sababu Bibi alikuwa hanikubali kama nahodha. Akamvalisha viatu, akamfunga kitambaa. Simu yake aliniachia jikoni. Saa tisa na robo ikalia. Ni ya picha. Nikaona uso wa mama mzee, kalala, kajifunga lesso, taa ya sola ukutani. Kwao ilikuwa saa nne usiku.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Shikamoo mama. Nafanya kazi na Mwalimu."

"Yeye ako wapi?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema, na mdomo wangu ulikuwa umeshafanya vya kutosha. Nikasema, "Yuko kwenye mashua, mama." Nikatembea mpaka mlango wa sebule, nikageuza simu.

Aliona kochi. Aliona mama mzungu mwenye kitambaa cha bluu, ameshika mkono wa mwanawe kwa mikono miwili, anatetemeka. Alimsikia mwanawe anasema haijaondoka, shika hapa, angalia kushoto, wimbi hilo litapita. Pazia lilikuwa limefungwa. Mwalimu hakutuona. Nilisimama pale dakika nyingi, mkono ukaniuma.

"Huyo mzungu anaogopa nini?" mama akaniuliza, sauti chini.

"Anaogopa kuachwa kisiwani."

"Na hiyo ndiyo mashua ya Ugiriki."

"Ndiyo hiyo, mama. Hakuna nyingine."

Binti alikuwa nyuma yake, nilimwona akijifuta macho. "Huwa wanafika?" mama akauliza.

"Bibi anafika. Mwalimu haruhusiwi kwenda popote, mama. Hajawahi kutoka." Nimeshasema. Nilihisi nimemuua mtu, sikujua ni mtoto au ni mama.

Mama akaitazama miguu yake. Nilisikia jogoo asiyejua saa huko kwao. Kisha akamwambia binti, "Lete vile viatu." Binti hakuelewa. "Vile vya Arusha. Nivalishe." Na kwangu akasema, "Wewe, mwambie asonge kidogo. Hata mimi nataka kukaa."

Nilikwenda nikaisimamisha simu kwenye mkono wa kochi. Mwalimu aliona. Alitazama simu, akanitazama mimi. Bibi akauliza huyu mama mwingine ni nani. Nikasema, ni abiria. Bibi, kwa ukarimu wa watu waliokoswakoswa kuachwa, akamwambia mama akae upande wa kushoto, ndiko kuna cha kuona. Mwalimu akafasiri.

"Mama, geukia kushoto."

Mama akajigeuza kitandani na viatu vyake, akalalia ubavu wa kushoto, akafika Kos pamoja nao.

Miaka miwili walikwenda hivyo kila Jumamosi. Mwalimu alisimulia kwa Kiingereza na kwa lugha ya kwao, sentensi moja huku, moja kule. Mama hakuwa abiria mtulivu. Binti alituambia maswali yake kwa Kiswahili kila Mwalimu alipoona haya kuyafasiri. Watu hao wanalima nini kwenye mawe? Mbuzi wanakunywa wapi? Yule mume aliyependa kuta kuliko mke, alilelewa na nani? Jitu alilionea huruma, akauliza kama lina mama. Siku nyingine alilala usingizi katikati ya bahari, na Bibi akaweka kidole mdomoni ili tusimwamshe. Habari za makaratasi hakuzitaja tena, wala Arusha. Viatu alivaa Jumamosi tu.

Uliza kama Mwalimu alinishukuru. Hakunishukuru. Jumamosi ile akitoka alisimama mlangoni, kengele ikilia, akasema, "Nilikukataza." Nikasema najua. Akasema, "Marahaba," wakati sikuwa nimemwamkia, akaenda zake kituo cha basi.

Kisha watoto wa Bibi wakaiuza nyumba, wakampeleka mama yao kwenye makao ya wazee karibu na kwao. Tulimfunga kitambaa siku ya kuondoka. Mwalimu aliandika kurasa kumi na moja, safari nzima, kona kwa kona, akampa binti wa Bibi ili wasome huko saa tisa. Sijui kama walisoma. Mimi nilipata kazi Oxon Hill, yeye akapata ghala la usiku, tukawa watu wa kusalimiana kwenye simu na baadaye hata hilo hapana. Ukapita mwaka na zaidi.

Habari nilizipata kwenye kundi la kanisa. Mama yake Mwalimu ametutoka. Kesi ilikuwa bado inangoja.

Siku ya mazishi tulikusanyika kwake Hyattsville, chumba kimoja na sebule, watu kumi hivi na sufuria za chai, tukayatazama kwenye televisheni kama ilivyo desturi yetu. Huko kwao mvua ilichelewesha ibada hadi saa nane mchana, kwetu saa moja asubuhi. Mwalimu alikuwa ameketi mbele kabisa, shati limepigwa pasi. Alikuwa mwembamba. Aliipokea shikamoo yangu, akanionyesha kiti, hakusema zaidi. Mapajani alikuwa na kijitabu cha ibada, kile chenye picha ya marehemu na wasifu wake, ametumiwa kwenye simu akakichapa maktaba. Na kalamu nyekundu. Alikuwa anakisahihisha. Alikuwa amesahihisha mwaka wa kipaimara na jina la mto.

Pale uwanjani, chini ya hema, binti wa ndugu yake alisimama kusoma wasifu. Alisoma ndoa, watoto, shamba la chai, ugonjwa. Kisha akasoma, sauti yake ikitoka wazi kwenye spika za Hyattsville: "Katika uzee wake, Nyanya alibarikiwa kusafiri. Alikwenda na mwanawe kwa mashua hadi kisiwa cha Nisiros huko Ugiriki, akaona moto unaotoka ardhini, wakarudi salama wakiwa wamekaa pamoja upande wa kulia."

Pale chumbani hakuna aliyenywa chai. Kila mtu mle alishajua sasa, kwa namna tunavyojua, kwamba Mwalimu hakuwahi kutoka. Dada muuguzi aliinamisha kichwa. Mtu mmoja akakohoa. Mimi nilikuwa natazama kalamu. Niliiona ikishuka kwenye mstari ule, ikasimama. Nikasema moyoni, Mwalimu, leo tu, uache.

"Kushoto," akasema.

Dada muuguzi akainua kichwa. "Unasema nini, Mwalimu?"

"Wamekosea hapa. Tulikaa kushoto."

Akalikata lile neno kwa mstari mmoja mwekundu, akaandika lingine juu yake kwa mwandiko wa ubaoni, akafunika kalamu. Kwenye televisheni walikuwa wameshaanza wimbo.